Chupa ya Pili

Mashine zilikuwa mbili, zimewekwa juu ya gunia mbele ya duka la vyuma chakavu, na Darubini alizikagua tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Jina hilo alipewa na wanafunzi, enzi akitunza maabara ya shule. Zote zilikuwa mashine za zamani za kuoshea saa za mkono: mota juu, kikapu cha waya chini yake, chupa tatu za kioo, na chumba cha hita cha kukaushia. Moja iling'aa, ila chupa zake zilikuwa za kuokoteza. Nyingine ilikuwa na kutu, lakini chupa zake zilikuwa zilezile za kiwandani. Alinusa mota, akazungusha mhimili kwa kidole, akairudia ya kwanza.

"Mzee, unachagua mashine au unachumbia?" muuza vyuma aliuliza.

"Ukikosea hapa unajuta miaka," alisema, akachukua yenye kutu.

Nyumbani hakumkuta mkewe. Jirani, Mama Pacha, alikuwa amempeleka hospitali saa nne, akamwacha mapokezi akitembea kwa miguu yake, akarudi kunyonyesha. Cheti cha kifo kiliandikwa kwamba aliletwa akiwa ameshakufa. Mama Pacha alikwenda kupinga. Karani wa masjala akamjibu, "Wewe si daktari."

Darubini alitumia miezi miwili kuifufua mashine. Alibadilisha waya uliopasuka, akaweka kaboni mpya kwenye mota, akakwangua kutu mpaka mikono ikanuka chuma. Kwanza alijaribu kwa saa mbovu, ili lolote likiharibika lisiume. Kisha akafungua saa ya mkewe, aliyokufa nayo mkononi, akapanga vipande vyake kikapuni.

Katika chupa ya kwanza, yenye dawa, uchafu ulitoka pamoja na muda wenyewe, na sauti zake. Cherehani ya mkewe ililia kwa dakika kumi, halafu mkewe akagomba kuhusu sabuni iliyoachwa ndani ya beseni. Darubini alisubiri dawa itulie, akahamishia kikapu kwenye chupa ya pili, ya kusuuzia.

"Nesi, zamu yangu bado?" mkewe aliuliza humo.

"Mama, ngoja. Hapa kila mtu anaumwa."

"Nimekaa tangu saa nne, mwanangu. Sasa ni saa saba."

Sauti ya mwanamke mwingine ikauliza, "Mume wako yuko wapi, dada?"

Mkewe alicheka kile kicheko chake cha puani. "Amekwenda kuchagua mashine. Yule akishaanza kuchagua, hata simu haisikii. Lakini atakuja."

Chupa ya tatu haikusema kitu.

Simu alizopigiwa siku ile asipokee zilikuwa saba. Bado hakuwa amezifuta.

Kesho yake aliifunga chupa ya pili kwa taulo, akaipeleka masjala. Karani alizima feni ili asikie vizuri, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, baba. Huyo nesi namjua kwa sauti. Leo yuko zamu." Akafikiri. "Ila sisi hatupokei vimiminika. Vipeleke maabara."

Maabara walichota kidogo, wakaandika: dawa ya kusuuzia, mafuta ya saa, jasho. Karani alibandika jibu hilo ndani ya faili, nyuma ya cheti, akalifunga. Nje, kwenye benchi, wanawake tisa walisogeleana ili Darubini apite na chupa yake.

Jumapili dada wa mkewe alileta saa yake ioshwe. Alijua kazi hiyo inavyokwenda: dawa chafu humwagwa kabla ya saa nyingine kuingia.

"Shemeji, si umwage tu?"

"Huyo ni dada yako."

"Basi nitasubiri," alisema, akaacha saa mezani.

Darubini alirudi duka la vyuma. Ile mashine inayong'aa ilikuwa bado juu ya gunia.

"Leo hunusi?" muuza vyuma aliuliza.

"Sinusi."

Hazikupita dakika ishirini, akawa nyumbani nayo. Aliiweka mashine sakafuni bila kuitazama, akavuta kigoda mpaka kwenye rafu alipoihifadhi chupa ya pili, akafungua kifuniko chake.

"Nimekuja," alisema.

"Nesi," mkewe aliuliza, "zamu yangu bado?"