Wasichana wa Uani kwa Hirabai

Mwezi wa Mei, jua la Maharashtra lilipokuwa likikausha papadi, vile vichapati vyembamba vya choroko, kabla ya adhuhuri, wanawake kumi wa kikundi cha kuziuza walikutana uani kwa Hirabai, kila mmoja na kibao chake cha kusukumia. Donge la choroko lilikuwa limetwangwa kwa mafuta mpaka likalainika. Kazi ilikuwa kulisukuma hadi mwanga upenye, kisha kuanika juu ya sari kuukuu.

Kabla ya kazi, kila mmoja alitaja jina lake. Hirabai, mwenyekiti, hakutaka majina ya ndoa. Kwao bwana harusi huandika kwa pete, kwenye sinia la mchele, jina jipya la mkewe, na lile alilozaliwa nalo halisikiki tena.

"Hapa tunataka alilokupa mama yako," alisema. "Hilo la mchele kalipike."

Zamu ya Vimal ilipofika, alilitafuta jina lake la utoto.

"Gojara," alisema.

Lango likafunguka, akaingia msichana mwenye sura ya Vimal, mikia miwili ya nywele na wino vidoleni. Akaketi kando ya Vimal, akachukua donge.

"Mbona nene hivyo?" Vimal akamuuliza.

"Si ndivyo mama alivyotufundisha?"

"Mama alikosea."

Wiki haikuisha kabla kila mwanamke hajapata msichana wake. Wa Hirabai alikuwa mdogo kuliko wote, na donge alilokula lilizidi alilosukuma. Mama mkwe wa Hirabai alilalamikia chai tu, kwamba inaisha upesi. Papadi ziliongezeka maradufu, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na ua ule alasiri ulikuwa mzuri mno: mikono ya mwanamke na ya msichana wake, kovu lilelile kwenye dole gumba lilelile, ikizunguka pamoja. Waliopita njiani walisimama, wakashusha mizigo, wakasahau waendako.

Kila jioni, ngozi za wasichana zilianza kunukia manjano anayopakwa bibi harusi. Walinawa, wakatoka mmojammoja kwenda kuolewa.

"Leo usiende," Vimal alimwambia wake.

"Baba ameshaalika watu," Gojara akajibu. Kesho yake alirudi na mkoba wake wa shule.

Vimal alikuwa na haja moja. Msimu wa miwa ukifika, yeye na mumewe huenda mbali kukata, na faida ya papadi ingemweka Surekha, kitinda mimba wao, kwenye bweni la shule. Mnyapara wa miwa huajiri watu wawili wawili, mume na mke wakihesabiwa panga moja. Binti anayebaki kijijini peke yake husemwa. Kwa hiyo akina baba wengi huwaoza mabinti kabla ya msimu.

"Bweni la nini?" alisema mumewe, alipomfuata uani. "Akiolewa watapata panga lao."

"Ana miaka kumi na minne, Baba Surekha."

"Wewe ulikuwa na mingapi?"

"Kumi na mitatu," akajibu Gojara, akiwa ameinamia kibao.

"Umeona? Na hajafa," alisema Baba Surekha, akachukua papadi moja, akaondoka akiitafuna.

Fungu la Vimal la faida likaingia kwenye karamu ya harusi ya Surekha. Wanawake wa kikundi walikwenda kwa Baba Surekha kumsihi, akawakaribisha chai. Harusini wageni walizisifu sana papadi, wakaomba nyingine. Bwana harusi akaandika "Kalpana" kwenye mchele, watu wakapiga makofi, na basi likamchukua Surekha usiku uleule. Vimal alilia mpaka sauti ikakauka.

Siku iliyofuata kikundi kilikutana kama kawaida. Walipokuwa wakitaja majina, lango lilifunguka. Surekha aliingia akiwa na sare ya shule, akaketi kati ya mama yake na Gojara.

"Nani amekuita?" Hirabai akauliza.

"Hakuna. Yule waliyemchukua wanamwita Kalpana. Mimi nimebaki."

Gojara akasogea, akampa nusu ya kibao. Surekha alisukuma papadi nyembamba kuliko zote zilizowahi kutoka ua ule, akaiinua juani. Wanawake wote wakaacha kazi. Kupitia papadi hiyo waliona lango, barabara, na shule iliyo ng'ambo ya mashamba, mpaka madirisha yake.

"Nzuri," alisema Vimal. "Ianike."

Jioni Surekha alianza kunukia manjano. Mama yake akamletea maji ya kunawa.