Nani Alimwambia Amweke Chini

Shida alisema ataondoka kitabu kikiisha, ndiyo maana nilikuwa nasoma polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Tulikuwa watatu kwenye chumba cha kangaruu, hospitalini Bariadi: mimi na Josia wangu, Klementina wa Ngulyati na mapacha wake, na Shida, aliyetoka Kimali na mtoto ambaye hakuwa na jina bado. Watoto wetu wote ni njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Kazi yetu ilikuwa moja tu, kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka waongezeke uzito. Wa Shida alikuwa haongezeki. Kila asubuhi Sista Eufrasia akimtoa kwenye mzani anaandika bila kusema kitu, na Shida anamwangalia mdomo.

Kwao walishakata tamaa. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kila siku: huyo amekuja kusalimia tu, mwache aende zake, pamba inapukutika shambani. Akamkataza hata kumpa jina. Shida alikuwa anamwitikia, "Ndiyo, mayu," yaani ndiyo mama, halafu anakata simu na kuniambia mimi, "Mama Josia, kitabu kikiisha naenda. Kifua kimechoka."

Kitabu chenyewe ni Kiti cha Moshi, cha tatu na cha mwisho. Viwili vya kwanza niliwasomea kwenye simu yangu tangu tulipolazwa. Hicho cha tatu mwandishi alikituma kwenye grupu la wasomaji, tumekingoja kama mvua. Malkia Ndalu amezaa mtoto kabla ya miezi kutimia. Falme saba zinamtafuta mtoto zimuue, naye malkia anakimbia akiwa amembeba kifuani, anavuka milima inayowaka na mabonde yenye majoka ya shaba. Klementina aliyapenda majoka. Shida hakuuliza habari za joka hata mara moja. Yeye kila nikimaliza kipande alikuwa anauliza, "Mtoto amenyonya?"

Siku moja mchana, wageni wakiwa wameshatoka, ilibaki sura moja. Shemeji yake, Bujiku, alikuwa getini na pikipiki, amekuja kumchukua. Shida alikuwa amefunga kanga zake na sufuria kwenye mfuko wa salfeti. Mtoto alikuwa amemlaza kitandani, amemfunika blanketi. Sikuwahi kumwona amemlaza pale.

"Mrudishe kifuani, Shida."

"Soma kwanza."

Kabla sijaanza nikachungulia grupu. Heri nisingechungulia. "Mwandishi umetuua." "Yule mtoto jamani, siamini mpaka sasa." Mwingine wa Dar akawajibu, "Acheni utoto, huo ndio mwisho mkali. Bila kafara amani ingetoka wapi? Bonge la kitabu!" Nikamwangalia Shida, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vyake miguuni.

Nikasoma. Ndalu akafika kwenye Kiti. Makuhani wakamwambia, umechoka, mama, mweke hapa juu ya jiwe tumvike taji. Akamweka. Mstari uliofuata niliuona kwa macho, mdomo ukakataa. Nikaanza kutunga. Nikasema mtoto akafungua macho, taji likawaka, majoka yakapiga magoti, mvua ikanyesha, ng'ombe wakashiba...

"Mama Josia."

"Abee."

"Kidole chako hakijasogea."

Nikakitazama kidole.

"Maneno yote hayo, na wewe hujasukuma kioo hata kidogo. Mimi sijui kusoma, lakini si kipofu. Soma alichoandika yeye."

Nikasoma. Jiwe lilikuwa la baridi. Makuhani waliimba wimbo mrefu, na Ndalu alipogeuka, mtoto alikuwa hapumui tena. Moshi ukaondoka juu ya falme saba, watu wakaliona jua, wakashangilia. Mwisho.

"Huyu mwandishi mwanaume, hajawahi kuzaa," Klementina akasema. "Joka linapona, mtoto anakufa? Anirudishie bando langu."

"Bando ni langu," nikamwambia.

"Basi anirudishie machozi yangu."

Hakucheka mtu. Shida akasimama. Nilidhani anaufuata mlango. Akanyoosha mkono.

"Aliyeandika yumo humo kwenye simu? Nishikie niseme naye."

Nikabonyeza pa kurekodi sauti, nikamshikia mdomoni.

"Mwadila, baba," akaanza kwa adabu, kama anamsalimia mkwe. "Mimi Shida, niko wodini Bariadi. Kitabu chako nimekisikia chote. Nakuuliza, nani alimwambia amweke chini? Amepita motoni, mtoto mzima. Amepita kwa majoka, mtoto mzima. Amefika, anaambiwa umechoka, basi anamweka kwenye jiwe? Sisi kwetu tuna ng'ombe. Ndama akizaliwa kabla ya wakati hatumwachi zizini. Anaingia ndani, analala na sisi karibu na moto, tunamlambisha maziwa kwa kidole. Baba mkwe wangu amelala na ndama mgongoni masika nzima, na hakuna aliyemwambia huyo amekuja kusalimia. Ndama, baba! Huyo malkia wako hakushindwa na falme. Aliambiwa amechoka. Na kweli alikuwa amechoka, lakini..."

Alikuwa anatazama kitandani. Kofia ya mtoto ilikuwa imeteleza. Akapeleka mkono kwenye nyayo zake.

"Amepoa," akasema. Halafu akapiga kelele, "Mayu! Amepoa!"

Klementina akaita sista. Mimi nikatupa simu, sauti ikajituma yenyewe kwenye grupu, nikamfungua Shida vifungo. Sista Eufrasia akaingia mbio, akamsugua mtoto mgongo, akamsugua tena, akainamisha sikio.

"Anapumua kidogo. Mbebe. Mbebe sasa hivi!"

Tukamweka kifuani, tukamfunika na blanketi la Klementina na langu juu yake. Sista akaweka kidole shingoni mwa mtoto, hakukitoa.

Sakafuni simu ilikuwa inalia mfululizo. Nikaiokota. "Huyu mama ni nani?" "Nimesimama njiani nalia." "Mwandishi, mjibu huyo mama." Juu kabisa pakaandikwa kwamba mwandishi anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena.

"Shida, anakujibu."

"Mwache," akasema bila kuinua macho. "Zima, chaji itaisha. Utaanza kile cha kwanza, pale anapomfunga kifuani."

Nje Bujiku akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

"Njoo unifunge," Shida akaniambia.

Nikazungusha kitenge mgongoni kwake, nikapiga fundo.

"Kaza."

Nikakaza.

"Kaza zaidi, mama Josia. Asiteleze."