Pa Kushika Pula

Mama aliutazama mchoro mara moja tu akaliona kosa, kubwa kama mlango. Akafumba mdomo.

Kwa mwanamke aliyezoea kumwambia hata mkuu wa kiwanda kwamba hajui kitu, hiyo ilikuwa kazi ngumu. Lakini alikuwa ameahidi kutosahihisha tena. Mwaka jana alimsahihishia bintiye mchoro wa gia, na mwalimu alipouliza maswali matatu binti akabaki kutoa macho. "Basi mwambie aliyechora aje kufanya mtihani," mwalimu alisema.

Sasa binti alikuwa ameinama juu ya meza ya kulia chakula, akichora shafti ya pampu, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani yake. Hesabu zake zilijaza kurasa sita, zote sawa. Beringi, ile pete ya chuma inayoibeba shafti ili izunguke bila kusagika, ilikaa vizuri katikati ya mabega mawili, yaani sehemu nene za shafti. Ila ingefikaje pale? Pete haipiti juu ya kitu kinene kuliko tundu lake.

Kesho asubuhi mchoro ungekwenda kwa mkereza vyuma wa chuo. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande kimoja tu cha chuma. Kikiharibika, somo linarudiwa mwaka mzima.

"Mbona kimya, mke wangu?" Baba aliuliza kutoka kwenye cherehani yake. "Unaumwa?"

"Naumwa maneno."

"Yateme basi, yasije yakakuua."

"Shona suruali ya watu wewe."

Mama akaenda kumenya karoti, akizikwangua kama zilimkosea. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Miaka ishirini ya kufungua pampu, na karibu kila wiki anarudi akiwalaani wale wale: "Waliochora hii mashine hawajawahi kuifungua! Beringi wameificha, pula haina pa kushika, natoa kwa patasi na nyundo kama mwizi!" Pula ndicho kifaa cha kung'olea beringi, na ya kwake aliipenda kama mtoto wa nne.

Binti akaingia jikoni. "Mama, niazime karoti. Na pete yako."

"Ya ndoa?"

"Nitairudisha. Ndoa sitaigusa."

Akaichonga karoti kwa kisu, bega, shingo, bega. Akaivisha pete. Ikagota kwenye bega la kwanza. Akaisukuma, akaizungusha, akajaribu upande wa pili. Ikagota tena.

"Aa!" Akajipiga paji la uso. "Mama! Ulikuwa unajua!"

"Mimi namenya karoti."

Binti akakimbilia mezani na kufuta kwa nguvu. Mama alimsogelea taratibu, kisu mkononi. Yeye angelikata bega moja, basi. Lakini binti aliipanga shafti upya yote: nene katikati, ikipungua hatua kwa hatua kuelekea kila ncha, ili kila kitu kiingie kwa zamu yake. Upande wa nje akaweka nati ya kuikaza beringi isitoke.

Kisha akafanya jambo ambalo Mama hakulitarajia. Bega lililobaki akalipunguza kimo, likawa fupi kuliko ukingo wa beringi.

"Hilo umelipunguza kwa nini?" Mama alishindwa kujizuia. "Halibebi?"

"Linabeba, nimepiga hesabu. Ila beringi itachoka siku moja, Mama. Hapa nyuma ukingo unatokeza, fundi anapata pa kushika pula." Akaunyooshea penseli mkono wa mama yake. "Asije akatoa kwa patasi na nyundo kama mwizi."

Mama akavitazama vidole vyake. Akautazama mchoro tena, polepole safari hii, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

"Baba nanihii," akaita, "hebu acha cherehani uje uone. Hatimaye kuna mtu ametuchorea sisi."

Kisha akaitafuna karoti yenye mabega, akavaa pete yake.