Pareto Juu ya Managu

Mong'ina aliwachukia samaki wale tangu wiki ya kwanza, na mimi simlaumu. Hebu wewe uolewe Ikonge, uingie nyumba mpya ya bati ambayo bado inanuka rangi, halafu kabla hujapanga hata vikombe baba mkwe akuletee tangi la kioo lenye samaki kumi na mmoja. Ungeshangilia?

Mzee Ogari alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Kericho. Uhuru ulipokuja, Mzungu akafunga virago, akamwachia tangi na samaki wake wekundu, vile visamaki vya mapambo ambavyo ukivikaanga vyote havijazi kijiko. Mzee akavileta nyumbani kwa mbwembwe utadhani amerithi ng'ombe. Nyumba yake lakini ilikuwa ya nyasi, moshi mtupu, hata mwanga wa kuwaona samaki wenyewe haukuwamo. Kwa hiyo Andrew, mwanawe, alipojenga nyumba yenye dirisha la kioo, tangi likahamia huko. Andrew mwenyewe alikuwa karani mjini Kisii, anakuja Ijumaa moja na kuruka nyingine, ili Sabato imkute kwao.

Sasa, mtu hata kama humpendi, haki yake mpe. Maji ya samaki hunuka yakikaa, na mzee alikuwa amegundua dawa yake. Juu ya tangi aliweka rafu ya mbao, juu ya rafu karai kuukuu lililotobolewa matundu, ndani ya karai kokoto, na kwenye kokoto akapanda mboga za managu. Asubuhi na jioni unachota maji ya tangi kwa kopo, makopo ishirini, unayamwaga polepole karaini. Managu yanakula uchafu wa samaki, kokoto zinachuja, na maji yanadondoka tena tangini yakiwa meupe. Mboga zenyewe zilikuwa na majani mapana kuliko ya shambani, na mzee hakuchoka kuwaambia watu hivyo.

Ila mwagaji hakuwa yeye. Kwa Wagusii baba hatii mguu ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, ni aibu ambayo haina mzaha, na mzee wa kanisa kama Ogari alizishika desturi hizo sawasawa na Sabato yake. Basi kila alfajiri alisimama nje ya dirisha la mke wa mwanawe, koti begani, akihesabu makopo. Mkwe akipitiwa na moja, mzee anagonga kioo kwa fimbo. Miaka mitatu, jamani, mwanamke anahesabiwa maji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mong'ina alitaka kitu kimoja tu: kwenda kukaa na mumewe mjini. Alimtuma Andrew aseme, Andrew akarudi amenywea, baba amekataa. Akamtuma tena, yakawa yale yale. Mwaka wa sabini na mbili, mvua za vuli zikianza, akakata shauri aseme mwenyewe. Alimfuata mzee mpakani mwa shamba, mbele ya jirani yao Gesare aliyekuwa akichuma chai, akamwomba kwa heshima zote kwamba sasa amruhusu.

Mzee alicheka. "Siku samaki wangu watakapokwisha, hiyo ndiyo siku yako ya kwenda Kisii," alisema. "Mpaka hapo, chota maji."

Gesare naye akacheka, nadhani kwa woga tu. Mong'ina hakucheka. Alirudi nyumbani na maneno yale kifuani, kila akiyapindua akaona ni ruhusa.

Wiki iliyofuata vidukari vikayavamia managu. Mzee alikuwa ameonya tangu mwanzo kwamba majani yale yasitiwe dawa yoyote, si majivu, si sabuni, kwa sababu kinachoangukia jani kitaangukia maji. Mong'ina alilijua hilo vizuri kuliko alivyodhani mzee. Alipokuwa msichana kwao Kebirigo, mama yake aliosha magunia ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kijitoni, na kabla hajamaliza samaki wakaanza kuelea matumbo juu. Na pareto hapo uani ilikuwepo, maua yaliyoanikwa mkekani yakingoja kupelekwa kuuzwa. Akachukua gao zima la mkono, akalisaga kwenye jiwe hadi likawa unga, akaunyunyiza juu ya managu mpaka majani yakageuka manjano. Mtu akiuliza, ameua vidukari. Halafu akachota maji kabla mzee hajafika dirishani. Siku hiyo hakupunja hata kopo moja.

Mzee alipofika, samaki walikuwa juu wakitwetea, wengine wanaogelea ubavu. Akagonga kioo. Akamwamuru aondoe karai, amwage maji yote, alete ya mvua kutoka kwenye pipa, haraka. Mong'ina alisimama katikati ya nyumba, mikono kifuani. Mzee akagonga tena, sauti ikaanza kumtetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisikia neno tafadhali likitoka kinywani mwa mtu yule. Lilimwingia tamu. Samaki mmoja akageuka tumbo juu, kisha wa pili.

Alikwenda mlangoni, akaufungua wazi. "Kama unawapenda hivyo, baba," alisema, "ingia uwatoe mwenyewe."

Alisema kwa kuwa alijua haiwezekani. Alitaka mzee asimame pale nje aone, kama yeye alivyosimama ndani miaka mitatu akionwa. Mzee alimtazama, akatazama kizingiti, akatupa fimbo chini. Akaingia.

Kule mpakani Gesare alipiga ukemi, kapu la chai likamponyoka. Ndani ya nyumba mzee hakusikia kitu. Alizamisha mikono tangini hadi viwikoni, akawatoa mmoja mmoja, akawatia kwenye sufuria ya mkwewe yenye maji ya kunywa. Waliopona ni wawili. Ndipo akanyanyuka, akachuma jani moja la managu, akalisugua kwa kidole gumba, akanusa. Hakuna mtu Gusii asiyeijua harufu ya pareto. Alilikunja lile jani ndani ya leso, akalitia mfukoni mwa koti, akatoka na sufuria. Mong'ina akaketi sakafuni.

Kesho yake wakaja wazee wa ukoo, Nyangau kaka yake Ogari mbele yao. Walikasirika kwelikweli, wengine hawakutaka hata uji. Uamuzi ulikuwa mmoja: nyumba ile imeharibika. Kondoo achinjwe, mlango ufungwe, Andrew ajenge nyingine mahali pengine, na kwa kuwa mke wake hana pa kulala, amfuate mumewe Kisii. Mong'ina aliinamisha uso wasione furaha yake. Kisha Nyangau akamwuliza nduguye, hao samaki waliuawa na nini hata mtu mzima avuke mlango wa mkwewe?

Mong'ina aliinua macho, akalitazama koti la mzee. Mzee akisema pareto, safari itakuwa ya Kebirigo kwa wazazi wake, si ya Kisii, na hakuna atakayemtetea. Mzee alipapasa mfuko wa koti.

"Waliugua," alisema.

Siku ya kuondoka Mong'ina alikwenda kumuaga mzee kama desturi, akasimama mbali. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye sufuria yake. "Nenda," alimwambia. "Jani ninalo. Nimeliweka vizuri. Andrew nitamwambia siku nitakayotaka mimi, labda Sabato ijayo, labda ukishazaa wa nne. Huko mjini kaa ukijua."

Akaenda. Chumba alikipata, na mume, na mfereji wa maji mlangoni ambao hakuna mtu anayehesabu maji yake. Andrew bado huenda Ikonge Ijumaa moja na kuruka nyingine, akamwone baba yake. Anaporudi Jumapili jioni, Mong'ina huwa jikoni, amezima jiko, anasikiliza jinsi anavyovua viatu.