Wivu wa Nchagwa na Mashine ya Kisegi

Wivu ulimwingia Nchagwa Jumatatu saa nne asubuhi, alipomkuta Lynnet akicheka na simu. Si kile kicheko cha wateja, hapana. Kicheko chenyewe, cha kushika mbavu, na aliyekuwa upande wa pili ni Boaz, fundi wa kompyuta wa mjini Homa Bay aliyesoma na Lynnet darasa moja. Nchagwa, kijana wa Kikuria kutoka Ntimaru aliyeacha mahindi ya babake akahamia Kisegi, kando ya ziwa, kwa ajili ya msichana huyu, alisimama mlangoni na mkate mkononi, roho inamuuma.

Walikuwa na ahadi ya kuoana Desemba. Mzee wake Nchagwa kule Ntimaru alishatenga ng'ombe wa mahari. Na riziki yao yote ilikuwa kompyuta moja ya gemu, aliyoiunda Nchagwa kwa mikono yake ili Lynnet afungue chumba cha kuchezea mpira wa kwenye skrini. Lo, kompyuta gani hiyo! Kasha lilitoka ofisi ya Migori iliyofungwa, ubao wa ndani ulitoka Isebania, kadi ya picha ilikuwa ya binamu yake wa Nairobi. Kila kipande na ukoo wake. Lakini ilicheza, na vijana wanaovua omena, wale dagaa wa ziwani, walijaa mpaka mlangoni.

Sasa ilikuwa inasuasua. Dakika kumi za kwanza safi, halafu wachezaji wanakimbia kama waliokanyaga tope, mpira unaruka, skrini inaganda. Na Ijumaa ni mwezi mpevu! Mwezi ukiwaka, taa za kuvulia omena hazivuti kitu, mashua zinabaki ufuoni, wavuvi wanatafuta pa kuua siku. Hizo siku chache ndizo zinazokilisha chumba cha Lynnet mwezi mzima.

"Mchawi ni RAM ya Boaz," Nchagwa alisema akiweka mkate mezani. Boaz alikuwa ameileta hiyo kadi ya kumbukumbu wiki mbili nyuma, iongezwe kwa ile ya zamani, tena bure. Bure! Nani siku hizi anampa msichana wa watu kitu bure? "Ile yetu ina kasi yake, hii ina kasi yake. Haziwezi kukaa nyumba moja."

"Na zile siku tano za kwanza zilikaaje pamoja?" Lynnet aliuliza.

Nchagwa akanuna. "Kagua kila mahali," Lynnet alimwambia. "Hata huko nyuma ya kasha."

Akague nini nyuma? Yeye alishampata mchawi wake. Jumanne Lynnet alipokwenda sokoni, alifungua kasha, akachomoa RAM ya Boaz, akaenda nayo chooni, akaiachia shimoni. Mtu mzima na ndevu zake! Akarudi akipiga mluzi, akawasha mashine. Gemu ikachukua muda wa kuchemsha chai ndipo ifunguke, na ilipofunguka ilitambaa.

"Bado inazoea," akajiambia.

Jumatano Lynnet aliingia na mkasi. Aliugeuza mgongo wa kasha, akamshika Nchagwa mkono, akaubandika pale. Nchagwa aliuondoa mbio. Palikuwa pa moto kama sufuria.

Pale kwenye matundu ya feni palikuwa na kipande cha wavu wa omena, kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Alikishona Nchagwa mwenyewe, siku alipowaona mara ya kwanza wale mbu wa ziwani wakipanda angani kama moshi. Kwao Ntimaru hakuna kitu kama hicho. Aliogopa wataingia ndani ya mashine ya mpenzi wake. Sasa mbu na vumbi vilikuwa vimeganda kwenye wavu, vizito kama blanketi.

"Mashine haipumui," Lynnet alisema. "Ikipata joto inajipunguzia mwendo isiungue. Boaz aliniambia Jumatatu. Alitaka kuja kuukata, nikamkatalia. Nikamwambia aliyeushona yupo, ataufumua mwenyewe. Akasema, yawa, huyo Mkuria anakupenda hadi anaivalisha mashine neti ya mbu. Tukacheka."

Basi kile kicheko ndicho hicho. Nchagwa alipokea mkasi, akakata uzi mmoja mmoja, uso umemshuka. Feni ikavuma. Dakika kumi zikapita, kumi na tano, joto likatulia. Lakini gemu bado ilikwama kwama.

Lynnet aliinamia skrini. "Mbona inasoma RAM moja?"

Nchagwa akatupa jicho upande wa chooni. Lynnet alibonyeza namba ya Boaz, akamtia simu mkononi.

"Shemeji!" sauti ya Boaz ikaruka. "Omera, ndugu yangu, leo umenikumbuka! Neti umetoa?"

Shemeji. Hakuna mtu wa kwao Lynnet aliyewahi kumwita hivyo.

"Nimetoa," Nchagwa alisema. Angeweza kusema RAM imeungua, nani angejua? Lynnet alikuwa akimtazama usoni. "Ile RAM yako, Boaz... niliitupa chooni. Wivu tu. Nisamehe."

Kabla Boaz hajajibu, Lynnet akaichukua simu.

"Boaz, tuletee nyingine Ijumaa asubuhi, tafadhali. Utakula hapa. Yeye ndiye atakayekupikia."

Akakata simu, akamgeukia Nchagwa.

"Mwambie mzee ng'ombe wasubiri kwanza," akasema. "Nataka nione kama unaweza kula na Boaz meza moja."