Kondo wa London

Wiki mbili baada ya arobaini ya baba, mwaka 1999, mdogo wangu Badru aliingia nyumbani kwetu Temeke na karatasi aliyochapishiwa kwenye duka la intaneti. Nilikuwa nashona. Chaki ya baba ilikuwa bado mezani, na alama ya vidole vyake.

"Dada, umaskini basi," alisema, akanisomea.

Ilikuwa imeili ya mtu aliyejiita wakili, yuko London. Mteja wake, Injinia Robert Kondo, amekufa ajalini na familia yake yote, ameacha mamilioni ya dola benki. Kwa kuwa Badru naye ni Kondo, basi ni ndugu yake, na urithi wote ni wake. Ila kwanza atume dola mia mbili za kufungulia jalada, ndani ya siku tano, na asimwambie mtu.

"Mteja wa kununua cherehani anakuja saa kumi, nipate hizo dola," Badru aliongeza.

Kwenye mirathi cherehani ilimwangukia yeye, akaniachia nishonee. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha mie na mama.

"Baba yake baba aliitwa nani?" nikamwuliza.

"Babu Salumu. Swali gani hilo?"

"Kuna Kondo mwingine kwenye ukoo wetu?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Sie jina la mwisho ni la baba mzazi. Ndugu yetu anayeishia Kondo ni mtoto wa baba. Kwa hiyo huyo Robert ni kaka yetu. Twende tukamwulize mama?"

"Wee, usinitafutie kesi." Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Mirathi ya viti na redio tulikaa watu kumi na mmoja na shehe. Hii ya mamilioni unaitwa peke yako, tena kwa siri? Na hiyo ada, si waikate humo humo kwenye mamilioni?"

Akaitazama karatasi tena, taratibu.

"Nishamjibu mara moja, dada."

"Ya pili usijibu. Akaunti ya benki umempa?"

"Bado."

"Basi hajapata kitu."

Saa kumi mteja alibisha hodi. Badru ndiye aliyetoka.

"Samahani braza, haiuzwi tena."

Yule bwana akapandisha bei, akapandisha tena.

"Haiuzwi," Badru alisema. "Ila kama una suruali ya kupunguza, karibu ndani. Fundi yupo."