Weusi wa Mtama Mkaidi

Mama Mtama, kama walivyomwita pale maabara, alifungua chumba cha kuoteshea akakuta rafu yake inang'aa kama meno ya bwana harusi. Tupu. Visahani vyote vya vipande vya mtama wake vimetoweka.

"Nani kagusa rafu yangu?"

"Mimi, dada." Mkuu wa maabara alikuwa nyuma yake, tai shingoni, manukato yametangulia. "Vitu vimeoza, vyeusi tii. Wageni wanakuja leo, tuwaonyeshe uozo? Nimevichemsha kwenye mtungi wa mvuke, nikatupa."

Damu ikamchemka Mama Mtama. Mtama mwekundu wa kwao, ule anaoulima mama yake, ukiukata tu unatoa jasho jeusi, ndivyo ulivyoumbwa. Tena mkaidi: unaupa jeni ya kuushinda kiduha, gugu linalonyonya mizizi, nao unaikataa. Misimu yote aliyohangaika, kipande kimoja tu kilikubali. Juzi kilichipua kinundu cha kijani, mfano wa kichwa cha pini, katikati ya weusi ule ule.

"Ulifunua hata kimoja?"

"Cheusi ni cheusi. Mpunga wangu haufanyi hivyo."

"Mpunga wako mtiifu, ukiambiwa kaa unakaa. Huu ni mtama, Mkuu. Umenichemshia mwanangu kama kiazi."

"Basi tuchukue ule mtama mweupe, ule rahisi. Wageni hawatajua."

"Mama yangu atajua. Mweupe kwetu ndege wanaumaliza ungali shambani."

Alikwenda kwenye banda la vioo, akabonyeza punje ya mtama wake mwekundu kwa kucha. Maziwa yakatoka. Kesho zingekuwa zimekaza, na zikikaza hazifai tena, angoje mpaka msimu ujao. Viini vya punje hizo, vya kutiwa jeni upya, vilipaswa kutolewa leo, kimoja kimoja, na mikono yake miwili isingetosha.

Akakata masuke, akazipukuchua punje na kuziosha kwa dawa, akavuta kiti cha pili.

"Vua tai. Kaa."

"Dada, wageni..."

"Ulichemsha mwenyewe, utachimbua mwenyewe. Kaa."

Mkuu alimtazama usoni, akavua tai.

Wageni walimkuta kainamia hadubini, kibanio mkononi, jasho limemjaa puani.

"Kiini kimeruka tena," alinung'unika.

"Na huyu ni nani?" mgeni mmoja akauliza.

"Kibarua mpya," akajibu Mama Mtama, bila hata chembe ya tabasamu. "Anajifunza. Ila akiona kitu cheusi, haruhusiwi kugusa."